"Melt" na "Smelt": Kuandika kwa Usahihi Juu ya Chuma cha Ufipa

"Melt" na "smelt" ni vitenzi viwili vya Kiingereza vinavyotofautiana kwa herufi moja ya mwanzo, na vyote viwili ni vya moto. "Melt" ni kugeuza kitu kigumu kiwe majimaji kwa joto bila kubadili kitu chenyewe. Barafu inakuwa maji, samli iliyoganda inakuwa ya kumiminika, risasi inakuwa uji unaong'aa, na kila kimoja kikipoa kinarudi kuwa kile kile kilichokuwa. "Smelt" ni kutoa metali kwenye mawe au udongo ilimofungwa, kwa moto na makaa. Kinachoingia tanurini ni jiwe. Kinachotoka ni chuma, shaba, bati au risasi, pamoja na takataka za jiwe zilizoiva kwa moto. Jiwe lile likishafanyiwa hivyo halirudi tena, hata tanuri lipoe mwaka mzima.

Kiswahili cha kila siku hakitenganishi mambo haya mawili. Kitenzi kuyeyusha hubeba yote: huyeyushwa barafu, huyeyushwa mafuta, na katika vitabu na mazungumzo huyeyushwa pia chuma kutoka kwenye mawe. Kitenzi hicho hubeba hata maana ya tatu, kwani chumvi iliyotiwa kwenye maji nayo husemwa imeyeyuka, na maji hayo ya chumvi darasani huitwa myeyusho. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwa Kiswahili akitaka kuandika kwa Kiingereza hujikuta mbele ya vitenzi vitatu, "dissolve", "melt" na "smelt", naye mkononi ana kimoja. Cha kwanza hakisumbui sana, kwa sababu maji yaliyomo humkumbusha mwandishi kwamba hapa hakuna moto. Viwili vya mwisho ndivyo vinavyochanganywa, tena mara nyingi.

Mkoani Rukwa mkanganyiko huu una uzito wa pekee. Uwanda wa juu wa Ufipa ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania yanayojulikana zaidi kwa utengenezaji wa chuma wa kale, na yeyote anayeandika kwa Kiingereza kuhusu historia ya hapa hulazimika kuchagua kati ya vitenzi hivi viwili karibu katika kila aya. Humo wamo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, mwalimu anayetayarisha somo, mwongoza watalii anayepeleka wageni kwenye maporomoko ya Kalambo na kupitia vijijini, na mtumishi wa halmashauri anayeandika kibao cha eneo la kihistoria. Akichagua vibaya, kosa lake halitaishia kwenye sarufi. Atakuwa amesema jambo lisilo la kweli juu ya kazi ya mafundi wale.

Njia nzuri ya kuelewa tofauti ni kufuata kazi yenyewe jinsi ilivyofanyika Ufipa. Uwanda huu umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, ambalo uso wake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, lililo karibu mita 800. Katikati yake nchi imepanda hadi mita 1,500 na zaidi, na milima ya Mbizi juu ya mji wa Sumbawanga hupita mita 2,000. Katika nchi hii ya juu mafundi walijenga matanuri marefu yaitwayo malungu. Moja ni ilungu. Ilungu lilifika kimo cha mita tatu hivi, yaani karibu mara mbili ya mtu mzima. Kuta zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto, na mara nyingi tanuri liliwekwa kando ya kichuguu chenyewe. Udongo ulipatikana hapo hapo, na mgongo wa kichuguu ulisaidia kupandisha makaa na mawe hadi mdomo wa juu.

Chini ya ilungu kulikuwa na matundu kuzunguka ukuta, na ndani ya matundu ilipangwa mirija ya udongo. Hakuna aliyepuliza. Hewa ya moto ilipopanda kuelekea mdomo wa juu, hewa baridi ilivutwa yenyewe kupitia mirija, na moto ukaendelea kuwaka usiku na mchana bila mtu kushika mivukuto. Urefu wa tanuri ndio uliofanya kazi ya mapafu. Ufundi wa kuvuta hewa kwa kimo unahitaji hesabu ya matundu, ya unene wa kuta na ya ukubwa wa vipande vya makaa, na inafaa kuutaja katika maandishi yoyote kuhusu Ufipa, kwa sababu sehemu nyingi za Afrika Mashariki mafundi walitegemea mivukuto na matanuri mafupi.

Sasa ndani ya tanuri. Jiwe la chuma ni chuma kilichokwisha kushikana na oksijeni, kwa asili ile ile ya kutu. Jiwe safi la aina ya hematiti lina chuma asilimia 70 kwa uzito. Asilimia 30 iliyobaki ni oksijeni. Mawe ya kawaida yana pia mchanga na udongo, kwa hiyo chuma chake ni pungufu ya hapo. Makaa yakiungua ndani ya tanuri lenye hewa ya kupimwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hii, ikipita kati ya vipande vya jiwe lililopata moto mkali, hulinyang'anya jiwe oksijeni yake na kuondoka nayo ikiwa kaboni dayoksaidi. Kinachobaki ni chuma. Kwa hiyo makaa yalikuwa na kazi mbili, kutoa joto na kuondoa oksijeni, na kazi ya pili ndiyo kiini cha "smelt". Mtu akilipasha jiwe la chuma joto kali kiasi chochote kwenye hewa ya wazi bila makaa ya kuliondolea oksijeni, hatapata chuma. Atapata jiwe la moto.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba katika kazi yote hiyo chuma hakikuyeyuka. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi. Matanuri ya namna ya malungu hufanya kazi kwenye nyuzijoto 1,200 hivi, pengine 1,300 karibu na midomo ya mirija. Joto hilo halitoshi kuyeyusha chuma, ila linatosha kuyeyusha mchanga na udongo wa jiwe vikichanganyika na sehemu ya oksidi ya chuma. Mchanganyiko huo ndio mavi ya chuma, yale mabonge meusi, mazito, yenye vitundu na mng'ao wa kioo, ambayo hufukuliwa hadi leo mashambani palipokuwa na matanuri. Mavi ya chuma yalilainika na kutiririka chini. Chuma kilibaki kigumu, chembe kwa chembe, kikashikana kuwa bonge lenye matundu lililochanganyika na uchafu. Bonge hilo ndilo lililotolewa tanuri lilipofunguliwa.

Kutokana na hayo, sentensi "The Fipa melted iron in tall furnaces" ina makosa mawili kwa pamoja. Inadai kwamba chuma kilikuwapo tayari kabla ya moto, na inadai kwamba kiligeuka majimaji. Sentensi sahihi ni "The Fipa smelted iron in tall furnaces". Mwandishi akitaka kutumia "melt" katika aya hiyo hiyo ana nafasi halali ya kufanya hivyo, ila kwa kitu kingine: "The slag melted and ran to the bottom, but the iron stayed solid." Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi hizi mbili bila kukosea, na kueleza kwa nini kitenzi kimebadilika, ameelewa somo la historia na la kemia kwa mara moja.

Waliochunguza chuma cha Ufipa kwa Kiingereza hawakutetereka juu ya jambo hili. Makala ya Greig iliyochapishwa 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na ile ya Wise katika jarida hilo hilo mwaka 1958, zote zina neno "smelting" kwenye vichwa vyake. Bertram Mapunda, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na aliyepima na kuchimba mabaki ya matanuri haya katika miaka ya 1990, na Randi Barndon wa Norwe, aliyechapisha mwaka 2004 kitabu juu ya Wapangwa na Wafipa, wametumia neno hilo hilo. Kwa upande wa kaskazini magharibi, makala ya Peter Schmidt na Donald Avery ya mwaka 1978 katika jarida la Science kuhusu chuma cha Wahaya nayo ilizungumzia "smelting". Anayesoma maandishi hayo ili kuandaa kazi yake anashauriwa asibadilishe kitenzi njiani eti kwa kuogopa kurudia neno. Katika Kiingereza cha ufundi kurudia neno sahihi si kasoro, na "melt" si kisawe cha kupokezana nalo.

Mafundi wenyewe hawakuiona kazi yao kuwa ya kuyeyusha. Miiko ya kazi, kama ilivyoelezwa na Wise na baadaye na Barndon, ililichukulia ilungu kuwa mwanamke. Tanuri jipya lilipambwa kama bibi harusi, mafundi walijitenga na wake zao wakati wa kazi, na kikapu cha dawa cha fundi mkuu kilikuwa na nafasi yake katika kila hatua. Tanuri lilibeba mimba na bonge la chuma lilizaliwa. Mawazo hayo yanakubaliana na "smelt" zaidi kuliko na "melt", kwa maana kinachozaliwa hakikuwapo hapo kwanza. Mwongoza watalii akiwaeleza wageni habari ya bibi harusi na uzazi, kisha akasema "they melted iron", anakuwa amejipinga mwenyewe.

Pale ambapo mwandishi hana hakika, yako maswali machache ya kujiuliza, na la kwanza karibu linatosha: kilichoingia motoni na kilichotoka ni kitu kile kile? Fundi wa masufuria wa Dar es Salaam hukusanya alumini chakavu, huiweka kwenye chungu cha chuma juu ya moto mkali hadi ipite nyuzijoto 660, kisha huimimina kwenye kalibu ya mchanga. Iliingia alumini, ikatoka alumini. Hiyo ni "melt". Kiwanda cha nondo kinachochukua mabodi ya magari na mabati ya zamani na kuyafanya uji wa moto nacho kina-"melt", japo kazi yake ni kubwa na tanuri lake linazidi nyuzijoto 1,500. Ukubwa wa kazi na ukali wa moto havina uamuzi hapa. Tanuri la nondo lina moto mkali kuliko ilungu, hata hivyo kitenzi cha ilungu ndicho kinachostahili heshima ya kutengeneza chuma pasipokuwa na chuma.

Swali la pili ni la mizani. Kilo kumi za alumini chakavu zikiyeyushwa hutoa karibu kilo kumi, ukiacha uchafu na rangi. Kilo kumi za jiwe la chuma haziwezi kutoa kilo kumi za chuma hata kama fundi hakosei chochote. Jiwe safi kabisa lingetoa saba, na katika tanuri la kale sehemu kubwa ya chuma ilipotelea kwenye mavi ya chuma. Ndiyo maana penye "smelting" pana chungu za takataka. Mwanaakiolojia akikuta lundo la mavi ya chuma kwenye shamba la mahindi wilayani Nkasi, anajua kwamba hapo jiwe liligeuzwa kuwa chuma. Mtu aliyekuwa akiyeyusha vyuma vikuukuu tu asingeacha lundo la namna hiyo.

Inafaa pia kutambua kwamba vitenzi hivi viwili havifukuzani. Kuna kazi ambamo vitendo vyote viwili hutokea ndani ya tanuri moja. Katika tanuri kubwa la kisasa la chuma, lile lenye kimo cha jengo la ghorofa nyingi na linalopulizwa hewa ya moto, chuma hunyonya kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 4, na kaboni hiyo hushusha joto la kuyeyuka hadi nyuzijoto 1,150 hivi. Hapo jiwe hugeuzwa kuwa chuma na chuma hicho hutoka kikiwa majimaji. Kiingereza hukiita kitendo chote "smelting", na chuma kinachotiririka huitwa "molten iron". Shaba nayo ni hivyo. Mafundi wa Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, walichoma malakiti, jiwe la kijani la shaba, kwa makaa. Kwa kuwa shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, moto uliotosha kuitoa kwenye jiwe ulitosha pia kuifanya majimaji, wakaimimina kwenye kalibu na kupata ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati. Anayesimulia habari ya misalaba hiyo kwa Kiingereza atahitaji vitenzi vitatu kwa mfululizo: "smelt" kwa jiwe, "melt" kwa shaba, na "cast" kwa kumimina kwenye kalibu. Anayesimulia habari ya Ufipa hatahitaji "cast" hata kidogo, kwa kuwa chuma cha ilungu hakikuweza kumiminwa.

Dhahabu iko upande mwingine kabisa. Katika machimbo ya Chunya na Mpanda, ambayo kwa watu wa Rukwa ni jirani, dhahabu hupatikana ikiwa dhahabu tayari, vipande vidogo na vumbi ndani ya mwamba. Mchimbaji mdogo husaga mwamba, huikamata dhahabu kwa zebaki, huchoma zebaki iondoke, kisha hupasha moto kilichobaki hadi kiwe kitonge kimoja. Hatua ya mwisho ni "melt". Hakuna jiwe lililogeuzwa kuwa dhahabu. (Mvuke wa zebaki katika hatua ya kuchoma ni sumu kwa ubongo na figo, na haupaswi kuvutwa na mtu yeyote, sembuse mtoto aliyeketi karibu na jiko. Jambo hili halihusu sarufi lakini haliwezi kuandikwa na kupitwa kimya.)

Mwaka 2017 neno "smelter" liliingia katika mazungumzo ya Watanzania wengi. Mwezi Machi mwaka huo Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, yaani mchanga wenye shaba, dhahabu na fedha uliokuwa ukipelekwa kuchakatwa ng'ambo, na hoja ya kujenga "smelter" nchini ikazungumzwa bungeni na mitaani. Magazeti ya Kiswahili yalikuwa na neno zuri zaidi ya kuyeyusha: kuchenjua. Mtambo wa kuchenjua makinikia ulieleweka na kila msomaji kuwa ni mahali ambapo metali hutenganishwa na kisicho metali. Hata hivyo kuchenjua ni kipana kuliko "smelt". Wachimbaji hukitumia pia kwa dhahabu inayotolewa kwenye mchanga kwa dawa ya sayanaidi na maji, bila moto wowote, na mradi wa nikeli uliopangwa kwa ajili ya Kahama nao ni wa kuchenjua kwa maji na kemikali badala ya tanuri. Mfasiri anayekwenda kutoka Kiswahili hadi Kiingereza hapaswi kuandika "smelt" kila aonapo kuchenjua. Aulize kwanza kama kuna moto. Ukiwapo, na jiwe likawa metali, ni "smelt". Usipokuwapo, Kiingereza husema "process" au "extract".

Kwa upande wa pili, anayetafsiri "smelt" kwenda Kiswahili ana njia tatu, na si zote zina uzito sawa. Kuyeyusha chuma ndiyo iliyozoeleka, na haitafutika katika vitabu kesho. Lakini katika maandishi yanayoeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua inapotosha, kwa sababu humfanya msomaji kutazamia uji wa chuma usiokuwapo. Kufua chuma ni neno zuri la kale, lakini kwa asili ni kazi ya nyundo, kufua jembe au kisu juu ya fuawe, na kulitumia kwa tanuri kunafuta tofauti kati ya mafundi wa hatua mbili. Iliyo bora kwa Ufipa ni kusema wazi: kutoa chuma kwenye mawe, au kuchenjua chuma kwa moto. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili, ni mahali pafaapo kuanza. Mwanafunzi aliyezoea kusema kwa Kiswahili kwamba Wafipa walitoa chuma kwenye mawe hatapata taabu ya kufika kwenye "smelt" atakapokutana na somo la kemia kwa Kiingereza.

Hatua zilizofuata ilungu nazo zina vitenzi vyake. Bonge lililotoka lilivunjwa vipande, na vipande vikaingizwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto. Hapo uchafu uliobaki uliondolewa na chuma kikakusanyika kuwa kizuri cha kufanyia kazi. Kiingereza cha hatua hiyo ni "refine", yaani kusafisha. Baadaye mhunzi alikipasha chuma moto hadi kikawa chekundu na laini, akakigonga kuwa jembe, shoka, mkuki au kisu. Kiingereza chake ni "forge". Majembe ndiyo yaliyohitajika zaidi, kwani kilimo cha intumba, yale matuta ya duara yanayofukia majani yageuke mbolea, hakifanyiki bila jembe imara. Kati ya hatua hizi tatu, ilungu, kintengwe na nyundo, hakuna hata moja inayoitwa "melt". Chuma cha Ufipa kilisafiri kutoka jiwe hadi jembe bila kuwa majimaji wakati wowote. Kazi hii ilififia katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalipoingia kwa bei ambayo fundi wa ilungu, mwenye kukata miti, kuchoma makaa na kuchimba mawe, hakuweza kushindana nayo.

Yabaki mambo ya sarufi, ambayo huleta makosa hata kwa aliyekwisha kuelewa maana. "Melt" huweza kusimama bila mtendwa: "The ice melted", barafu iliyeyuka. "Smelt" huhitaji mtendwa. Haiandikwi "The ore smelted", huandikwa "They smelted the ore" au "The ore was smelted". Mtendwa huyo huweza kuwa jiwe au metali inayopatikana, kwa hiyo "smelt ore" na "smelt iron" zote ni sahihi, ya kwanza ikitaja kilichoingia na ya pili kilichotoka. Kwa "melt" mtendwa ni kile kinachoyeyuka tu. "Melt" ina kivumishi cha pekee, "molten", kinachotumika kwa metali, kioo na mwamba wa volkeno. Kwa siagi na jibini husemwa "melted". "Smelt" haina kivumishi kama hicho. Joto ambalo kitu huyeyuka huitwa "melting point", na hakuna "smelting point", kwa sababu kutoa metali kwenye jiwe hakutegemei nyuzijoto moja. Kunategemea pia makaa, gesi na muda. "Smelter" ni mtambo, na katika maandishi ya historia huweza kuwa fundi mwenyewe, kwa hiyo sentensi inayosema "smelters" kuhusu Ufipa iandikwe kwa namna itakayomjulisha msomaji kama ni watu au ni matanuri.

Umbo la wakati uliopita linahitaji jicho zaidi. Wakati uliopita wa kitenzi hiki ni "smelted". Lakini Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofundishwa shuleni Tanzania, hutumia "smelt" kama wakati uliopita wa "smell", kunusa au kunuka. Mwanafunzi anayeandika "The Fipa smelt iron in the nineteenth century" akidhani ametumia wakati uliopita ameandika sentensi ambayo Mwingereza anaweza kuisoma kwamba Wafipa walinusa chuma. Kwa kuwa habari ya malungu ni ya zamani, na karibu kila kitenzi chake kitakuwa katika wakati uliopita, kosa hili lina nafasi nyingi za kutokea, na dawa yake ni kuzoea kumalizia kwa "-ed". Kamusi itaonyesha pia nomino "smelt", ambaye ni samaki mdogo wa maji baridi ya kaskazini ya dunia. Hahusiani na tanuri, wala hayumo Ziwa Rukwa wala Tanganyika.

La mwisho ni "melt down". Hutumika kwa kuyeyusha vitu vilivyokwisha kutengenezwa ili kupata metali yake, kama vile sarafu, mapambo au injini ya zamani. Katika kueleza chakavu kinachokusanywa Sumbawanga mjini na kupakiwa kwenye malori kupelekwa viwandani, "melt down" ndiyo maneno sahihi: "The scrap is melted down to make steel bars." Wapo wanaoandika "smelted down" mahali hapo. Isiandikwe hivyo, kwa kuwa chakavu ni chuma tayari na hakuna jiwe la kutolewa kitu.